Baba wa Kwenye Kadi

Jumapili, 10 Machi

Nimejifungua mtoto wa kiume, mzima, na mimi mzima. Hayo ndiyo mazuri ya leo. Mengine naandika kwa sababu nisipoyatoa nitatapika.

Kadi ya hospitali niliyokwenda nayo ni ya zamani, ya miaka ile nilipokuwa nikitafuta mtoto na mume wangu wa ndoa. Ilikuwa bado na nafasi, nikaona ya nini kupanga foleni nipewe mpya. Uvivu wangu huo. Juu ya kadi kuna jina lake na namba yake ya simu. Basi muuguzi, kwa roho yake nzuri, akapiga: "Hongera baba, umepata dume!" Mimi nimelala pale najua fundi wangu amekwenda kuleta chai, naona mlango unasukumwa, anaingia Mwenye Cheti na mama yake.

Mwenye Cheti ni jina nililompa mume wangu, maana cha ndoa kilichobaki ni cheti. Ni mwalimu wa udereva. Huu ni mwaka wa nne tangu aondoke akaishi na mwanamke mwingine, akaniachia neno moja: tasa. Mama yake aliongeza la kwake: gunia tupu. Talaka hakudai yeye wala sikudai mimi, kila mmoja akimsubiri mwenzake ahangaike.

Leo mama mkwe kamnyanyua mwanangu kabla hata sijamzoea mwenyewe. "Pua yetu hii! Jamani, si pua ya baba yako hii?" Mtoto wa saa chache, pua kama kifungo cha shati, ameiona ya ukoo. Mwenye Cheti anatabasamu, anapiga picha, anawatumia watu picha palepale. Mimi namnyoshea mikono mtoto, hakuna anayeniona.

Ndipo akaja fundi wangu, chupa ya chai mkononi. Ni fundi wa friji, tunaishi pamoja mwaka wa tatu. Ndiye baba wa mtoto, hakuna mwingine, na alikuwa anahesabu wiki kuliko mimi. Muuguzi akamuuliza, "Na wewe ni nani wa mgonjwa?" Akawatazama wale, akanitazama mimi.

"Nimeleta chai tu," akasema. Akaiweka mezani, akatoka.

Jumanne, 12 Machi

Tumerudi nyumbani. Mvua tangu asubuhi. Fundi kaomba radhi, anasema hakutaka ugomvi mbele ya mzazi aliyetoka kujifungua. Ni mpole, ndivyo alivyo. Upole wake ndio ulionivuta kwake, baada ya miaka ya kufokewa na mtu anayefundisha breki.

Jumamosi, 16 Machi

Nguo hazikauki. Nimefungua duka langu la udobi nusu siku, mtoto mgongoni.

Jumatano, 20 Machi

Tumekwenda kumwandikisha mtoto, mimi na fundi. Kavaa shati la kola, kanyoa. Karani wa dirishani ni dada mmoja mwenye kucha ndefu, haandiki mpaka amalize sentensi yake na mwenzake. Akaniuliza, "Umeolewa?" Nikasema nimeolewa ila tumetengana. "Talaka ipo?" Haipo. "Basi baba ni mume wako."

Nikamwambia dada yangu, baba huyu hapa, amesimama, muulize mwenyewe.

"Sikatai," akasema, hata kunitazama hanitazami. "Lakini mtoto akizaliwa ndani ya ndoa, sheria inamtambua mume. Huyu hapa kwangu ni mtu aliyekusindikiza. Mume wako aje akane, au mahakama iseme vingine. La sivyo nikijaza jina, najaza la mume."

Fundi akauliza taratibu kama hawezi kujazwa kwa muda. Kwa muda! Kana kwamba tunakodi chumba. Watu wa nyuma kwenye foleni wakaanza kutusogelea wasikie vizuri, na mama mmoja akafanya ile sauti ya "mh" ambayo wanawake wanajua maana yake. Nilijisikia kama mtu aliyevuliwa nguo. Niliondoka bila kujaza kitu.

Ijumaa, 22 Machi

Nimempigia Mwenye Cheti nimwombe akane, amalize. Akacheka.

"Nikane mwanangu? Mke wa mtu, akili zako zimeota ukungu na mvua hii?"

"Unajua si wako."

"Sheria inasema wangu. Kazini wamenichangia zawadi. Mama amenunua kitanda. Akiacha kunyonya nakuja kumchukua, mtoto wa kiume hakulii kwa fundi friji."

Nilikata simu, nikaenda uani nikatema mate. Sasa nimeelewa. Watu walishaanza kumuuliza mbona na huku kwa mwanamke wa pili pia kimya. Miaka minne aliwaambia mimi ndiye mbovu. Leo sheria imemzalia mtoto bure, anatembea kifua mbele. Mwanangu amekuwa kitambaa cha kufutia aibu ya mwanamume mzima. Kinyaa! Kinyaa kabisa.

Jumamosi, 30 Machi

Mashuka ya nyumba ya wageni, marundo mawili. Yana kila kitu cha binadamu. Nimeyafua nikiwa na hasira mpaka yamekuwa meupe kuliko yalivyonunuliwa.

Alhamisi, 4 Aprili

Nimepeleka ombi mahakamani jina la Mwenye Cheti lisiwekwe kwa mtoto. Yule wa mapokezi alinieleza vizuri: mimi kama mama naweza kuomba, lakini mzigo wa kuonyesha kwamba mume si baba ni wangu. Anayedai ndiye anayethibitisha. Nikamuuliza, na yeye aliyekaa miaka minne bila hata kujua ninaishi wapi hathibitishi kitu? Akasema, "Mama, yeye ana ndoa." Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayekuambia mvua inanyesha.

Fundi anasema tusiwaudhi sana, tuongee nao kwa utulivu. Nikamwambia tunaongea na nani, na ile pua?

Jumanne, 9 Aprili

Mama mkwe kaja dukani, bila haya, na fulana za mtoto alizofuma. Kaketi kwenye kiti cha wateja, anataka kumbeba. Wateja wawili wapo. Anawaambia, "Mjukuu wangu huyu. Tulimsubiri kweli."

Nikasema, "Mama, si ndiye wa gunia tupu?"

Akajikausha. "Ya zamani hayo mwanangu. Hasira za ujana."

Mtu mwenye miaka sabini, hasira za ujana! Nilimrudishia fulana zake zimekunjwa vizuri, maana kazi ni kazi. Zilikuwa zinanuka dawa ya mende. Alipotoka, mteja mmoja akaniambia mzee kama huyo ningemstahi. Nikampa nguo zake mbichi kidogo, akakaushie stahi nyumbani.

Ijumaa, 12 Aprili

Mvua. Mtoto ana mafua. Ukuta wa chumba cha kukaushia umeota madoa meusi, nimeukwangua kwa kisu, harufu haitoki puani mpaka sasa hivi.

Jumatano, 17 Aprili

Mahakamani. Nakaa niandike yote kwa sababu sitaki hata neno moja lije kugeuzwa baadaye.

Hakimu ni mwanamke mtu mzima, mwenye miwani kwenye kamba. Akamuuliza Mwenye Cheti swali jepesi tu: mara ya mwisho kulala chini ya paa moja na mke wako ilikuwa lini? Nikajua hapo amenaswa. Miaka minne, mtaa mzima unajua.

Alikuwa amevaa shati la kazini, lenye nembo ya usukani mfukoni. Akasimama wima, akasafisha koo.

"Mheshimiwa, tulitengana kwa macho ya watu. Lakini mke ni wangu. Nilikuwa naenda kwake. Mchana, huyu bwana akiwa kwenye mafriji yake."

Ukumbi ukaguna. Mama yake akaitikia kwa kichwa, eti naye alikuwepo! Mimi nilisimama bila kuambiwa, nikasema muongo, huyu ni muongo, hajawahi kukanyaga. Hakimu akaniambia niketi. Nikaketi. Mikono nikaikalia. Yaani mtu yuko radhi kunifanya malaya mbele ya watu, ilimradi aonekane dume. Na kwa sheria uongo wake ni mzuri, maana kama kweli alikuwa anakuja, basi mtoto ni wa ndoa, yamekwisha. Hakimu akaahirisha mpaka tarehe nane Mei, akaniambia nikiwa na shahidi nimlete.

Nikageuka kumtafuta fundi. Alikuwa anatazama sakafu.

Tukarudi kwa miguu. Mvua imetuloanisha wote watatu, mwavuli uko kwake na yeye anaushika upande wa pili. Tulipofika, nimemvua mtoto nguo mbichi, namkausha, ndipo akaniuliza. Aliuliza kwa upole, kama anavyouliza kila kitu.

"Alikuwa anakuja?"

Nilimtazama nikadhani nimesikia vibaya. Nikamwambia rudia. Hakurudia. Akasema anauliza tu, mtu ana haki ya kuuliza. Akasema wakati ule nilikuwa nabaki peke yangu dukani siku nzima.

Nilikuwa nabaki peke yangu dukani siku nzima nikifua mashuka ya watu! Ndiyo. Ndivyo ilivyokuwa.

Alhamisi, 18 Aprili

Nimefua tangu alfajiri, hata nguo zilizokuwa safi.

Jumatano, 24 Aprili

Fundi analala upande wa ukutani. Anamlea mtoto vilevile, anambembeleza, anambadilisha nepi. Lakini leo nilimkuta amemshika karibu na dirisha, kwenye mwanga, anamgeuza uso huku na huku. Namjua akikagua friji lililotumika kabla hajalinunua. Ni vilevile.

Nilimnyang'anya mtoto. "Umeona nini?" nikamuuliza. "Pua?"

"Usianze," akasema.

Jumamosi, 27 Aprili

Dada yangu amenipigia, anasema nimvumilie fundi, mwanamume yeyote angeuliza. Nikamuuliza, je, mwanamke yeyote angejibu? Akasema mimi mdomo wangu ndio utakaoniponza. Nikasema sawa.

Mvua haijakatika wiki nzima. Nimepoteza mteja wa makoti, koti lake limevunda.

Jumatatu, 6 Mei

Leo kaja mtu ambaye ningeambiwa asubuhi kwamba atakuja, ningefunga duka.

Mwanamke wa Mwenye Cheti. Nimemwita mengi moyoni miaka hii, hayaandikiki. Nilikuwa nimemwona kwa mbali tu, mara mbili tatu, amekaa mbele kwenye gari la kufundishia. Leo nimemwona karibu. Mdogo kuliko nilivyodhani, na amechoka kuliko mimi niliyezaa juzi. Ameleta mapazia. Nikamwambia mapazia hayakauki mvua hii, apeleke kwingine.

"Sijaja kwa mapazia, dada," akasema. Akakaa kabla sijamkaribisha.

Akaniambia kwamba mwaka jana walikwenda kwa daktari wote wawili. Yeye hana tatizo. Mwenye Cheti hazai, na daktari alimwambia hivyo akiwa naye pale pale. Njiani Mwenye Cheti akalia, akamwomba asimwambie mtu. Na walipofika nyumbani akamwambia mama yake kwamba daktari amesema mwanamke ndiye mwenye kasoro.

"Sasa gunia tupu ni mimi," akasema. "Neno ni hilohilo, hata hakuumiza kichwa kutafuta jingine."

Tulicheka. Sijui kicheko kilitoka wapi, kilikuwa kibaya, cha watu wawili waliokula chakula kimoja kilichooza.

Nikamuuliza kuhusu mchana. Akasema yeye ndiye anayempangia wanafunzi, mmoja akishuka mwingine anapanda, na kiti cha nyuma anakaa yeye kupokea ada. "Mchana hana hata muda wa kwenda haja. Angekuja kwako na mimi nyuma?"

Nikamwambia akisema hayo mahakamani atakosa pa kulala.

"Mabegi yako kwa shangazi tangu jana," akasema. "Mtoto wako wamemfanya kiraka. Mimi siwezi kukaa kwenye nyumba ambayo kila asubuhi wanapanga namna ya kumchukua mtoto mchanga kwa mama yake. Nasikia kinyaa, dada."

Neno langu hilo. Nilimpikia chai. Mapazia nimeyachukua.

Jumanne, 7 Mei

Nimemweleza fundi yote. Nilidhani atashusha pumzi. Akasema, "Ngoja tusikie atakavyosema mbele ya hakimu."

Jumatano, 8 Mei

Alisema. Alisimama pale na sauti haikutetemeka. Alisema mambo ya mchana, ya gari, ya kiti cha nyuma. Akasema na ya daktari. Mama mkwe akaruka, "Muongo! Muongo mkubwa, tasa wewe!" Askari akamkalisha. Hakimu akavua miwani, akamgeukia Mwenye Cheti.

"Bwana, unayakana maneno haya? Ukiyakana, nitakupeleka kwa daktari wa mahakama leo hii."

Alikuwa anashika nembo ya mfukoni. Nilimngoja aseme kitu, chochote, hata tusi. Hakusema. Aliketi bila kuambiwa, na mama yake akamtazama, na naona ndipo hapo mama mtu alipojua, maana alijifunika uso kwa mtandio. Ningefurahi. Nilijiandaa kufurahi wiki nyingi. Nilichopata ni kinyaa, basi.

Hakimu akasema ameridhika, mume si baba, ataandika uamuzi jina lake lisiwekwe. Akauliza kama anayedai kuwa baba yupo ukumbini, asimame, amtambue mtoto, na mimi nikikubali ajazwe leo leo.

Nikamgeukia fundi. Jamani, nilikuwa natabasamu! Yale yote ya wiki hizi nilishayasamehe, ninaapa, nilishayakunja na kuyaweka kando. Nikamsogezea mtoto ili asimame naye.

Akasimama. Mtoto hakumchukua.

"Mheshimiwa, naomba kipimo kwanza. Kabla sijaandikwa."

Hakimu akarudisha miwani, akamtazama vizuri. "Unamtilia shaka mama?"

"Hapana mheshimiwa. Ni kwa ajili ya uhakika tu. Yamesemwa mengi hapa."

Yamesemwa mengi! Mwenye Cheti kaumbuliwa mbele ya watu, kashindwa kutetea uongo wake mwenyewe, na bado uongo ule umepata mtu mmoja wa kuuamini, na mtu huyo analala kitandani kwangu. Mwanamke niliyemchukia miaka minne ametupa nyumba yake kwa ajili ya ukweli wangu. Wangu mwenyewe anataka uhakika.

Nikainua kichwa kumtazama Mwenye Cheti, na niliona, naapa niliona, kwamba ametabasamu. Kidogo tu, pembeni ya mdomo. Wanaume wawili wakaelewana mbele ya macho yangu.

Hakimu akaniuliza kama napinga kipimo. Nikasema apimwe. Mwanangu hana cha kuficha, na mimi sina.

Alhamisi, 9 Mei

Wamempaka mtoto kijiti mdomoni. Alidhani ni ziwa, akakinyonya.

Jumanne, 14 Mei

Mvua. Mashuka. Fundi ameuliza kama nimekasirika.

Jumapili, 19 Mei

Upole. Nimeufikiria sana huu upole. Mwenye Cheti alipokuwa ananifokea, nilijua alipo, nilijua ngumi itatokea upande gani. Huyu hafoki. Anakuachia chai mezani na kutoka. Anakuacha usimame peke yako kwenye dirisha la karani, mbele ya hakimu, na ukigeuka anatazama sakafu. Nilikuwa naita upole kwa sababu sikuwa na uzoefu wa kitu kingine kisicho na kelele.

Mbaya zaidi ni kwamba bado nampenda akiwa na mtoto. Anamwimbia majina ya vipuri vya friji. Nikimsikia natamani nisahau.

Jumatano, 22 Mei

Majibu yametoka. Ni wake. Sikuyasoma mimi, sikuwa na haja.

Alilia. Alipiga magoti palepale kwenye korido ya maabara, watu wanapita, akamkumbatia mtoto, akawapigia watu simu. Akaninunulia kitenge. Akaniambia, machozi yanamtoka, uso umemng'aa kweli:

"Sasa roho yangu imetulia. Sasa nina uhakika."

Nilimwambia vizuri. Nilikuwa sina hata hasira. Nilihisi kama mtu aliyeinua shuka safi akakuta nywele ya mtu mwingine.

Ijumaa, 24 Mei

Jua, la kwanza la maana. Nimeanika kila kitu.

Jumatano, 29 Mei

Dirishani kwa yule dada wa kucha. Amri ya mahakama mkononi, na ombi langu la talaka nimelipeleka asubuhi hiyo hiyo. Akasoma, akauliza kwa sauti, "Jina la baba?" Fundi akaninong'oneza, "Sema wewe."

Nakiri nilitaka kusema hana. Ningeweza, hakimu alisema ajazwe mimi nikikubali. Nikamtazama mtoto, amelala, mdomo wazi. Miezi mitatu ameitwa wa huyu, si wa huyu, labda wa huyu, watu wakimgeuzageuza kwenye mwanga. Nikasema jina la fundi, lote, na la baba yake. Likajazwa.

Nje fundi akanishika bega. "Yameisha, mke wangu. Twende nyumbani."

"Wewe twende wapi?"

"Nyumbani."

"Vitu vyako viko karakana. Nilivipeleka asubuhi, mwenzio wa karakana amevipokea."

Alidhani natania. Akacheka, kisha akaacha. "Lakini umeniandika. Si umeniandika sasa hivi?"

"Nimekuandika baba. Wewe ndiye baba yake, na hilo hakuna atakayekunyang'anya, si Mwenye Cheti wala mimi. Mtoto atakuwa wako akiwa na mafua, akiwa na njaa, akienda shule. Jumamosi njoo umwone. Lakini mume wangu hujaandikwa popote, na hutaandikwa."

"Kwa sababu ya kipimo? Mwanamume yeyote..."

"Ndiyo," nikasema. "Nimeambiwa. Mwanamume yeyote."

Hakufoka. Alisimama pale pale mlangoni mwa ofisi, mikono mitupu, akiwapisha watu.

Jumamosi, 1 Juni

Alikuja. Nilikuwa ndani, mtoto kifuani, nikasikia hatua zake uani, nikazijua. Zikasimama mlangoni. Kwa miaka mitatu aliingia mlango ule bila kusema kitu.

"Hodi," akasema.

Nilimwacha apige tena.